Kidole Gumba cha Mama Mukwe

Mama mukwe,

Nimekohoa kwanza, mara mbili, kama kawaida yetu. Kama uko karibu na mulango huko uliko, ingia ndani ujifunike kitambaa, mukwe wako anapita. Kama uko mbali, kaa palepale unisikilize, kwa sababu nimekasirika na sina muntu wa kukasirikia isipokuwa wewe. Wengine wote wako hai, watanijibu.

Ninaandika katika kaye ya mujukuu mumoja aliyemaliza mwaka wa shule na kubakiza kurasa. Masomo yangu unayajua: niliishia mwaka wa ine, mwalimu akasema kichwa changu ni cha kubebea matofali, na kweli nimebeba. Basi usitafute makosa. Wewe hukukaa hata siku moja kwenye benchi ya shule, ninakupita kwa miaka ine, na leo ninataka hiyo heshima. Halafu nitakuita "wewe". Miaka arobaini nilisema "ninyi" kila nilipokutaja, sawa vile ulikuwa kijiji kizima. Muntu akisha kufa ni mumoja.

Swali langu ni moja tu. Kwa nini hukuniambia?

Madirisha, Mama. Ninasema madirisha.

Ninajua utajificha nyuma ya sheria. Kwenu Moba sheria ni kali: mama mukwe na mukwe hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mukono kwa mukono, mpaka siku familia mbili zitakapokaa, kuku achinjwe, wote wawili wale nyama yake, haya ya kuonana iishe. Mimi mutoto wa hapa Kalemie, baba yangu alifanya kazi ya reli, nilioa binti yako Felista nikidhani ninaoa binti peke yake. Kumbe nilioa na kikohozi.

Huyo kuku wetu hakuchinjwa. Miaka ya kwanza nilikuwa ninajenga nyumba. Halafu vita vikaja, kuku wakaliwa na wenye bunduki. Halafu ugonjwa ukapita kwenye avenu, mabandani yakabaki manyoya. Halafu ziwa likapanda. Hizo zote ni sababu nzuri, nilizitumia moja moja, bila pupa. Ukweli ninakuambia leo: nilikuwa nimezoea. Wenzangu wote walikuwa na mama mukwe anayewatazama toka kichwani mpaka miguuni. Wangu alikuwa anakimbia nikikohoa. Mwanaume gani angechinja kuku ili aharibu raha hiyo?

Basi nilikujua kwa vipande. Visigino vyako, vimepasuka kama ukingo wa muto Lukuga wakati wa kiangazi, vikipotea nyuma ya jiko. Kikohozi chako, kikavu, kimoja tu, kujibu viwili vyangu. Sauti yako nyuma ya ukuta wa uani, siku ulizopanda kwetu toka nyumba yako ya kule ziwani. Hata siku ya kukuaga wazee wako walinisimamisha nje, eti mukwe asiyekula kuku haangalii maiti. Uso wako nimeuona kwenye foto waliyoiweka mezani siku za matanga, na niliuangalia kama mwizi, Felista akiwa amegeuka. Una pengo. Miaka arobaini hakuna aliyeniambia kwamba una pengo.

Na kuongea kwetu kulikuwa na njia mbili, nazo zote mbili zimeniharibia nyumba.

Ya kwanza ni Felista. Wewe unamuambia, yeye ananiletea. Mimi ninamuambia, yeye anakupelekea. Posta. Sikujua kwamba posta yetu ilikuwa inafungua barua, inasoma, na kama haikupenda maneno inaandika mengine. Nitafika hapo.

Ya pili ni bata. Ulipotaka nikusikie mwenyewe, ulikuwa unasema na bata. Bata mumoja akifa, anayemufuata anarithi kazi. Ninakaa upande wangu wa ukuta, ninachanganya simenti, na nyuma ya ukuta ninasikia: wewe bata, umeona watu wanaotia maji mengi, wanafikiri wanapika uji wa mugonjwa? Nami ninaambia mwiko wangu: wewe mwiko, kuna vikongwe ambao wakishiba samaki ndakala wanajifanya injinieri. Tukaishi hivyo. Ninakumbuka tuliwahi kugombana juu ya siasa ya nchi hii asubuhi nzima, wewe na bata, mimi na mwiko, na Felista akapita katikati na sufuria akasema hapa watu wazima ni bata na mwiko tu.

Sasa maua.

Ulikuwa mufinyanzi wa vyungu na mitungi. Halafu beseni na bidoni za plastiki zikashuka bandarini, na hakuna aliyetaka tena mutungi unaovunjika. Mwingine angelia. Wewe ukasema, kwa mudomo wa Felista, kwamba plastiki inaweza kubeba maji lakini haiwezi kuvalisha nyumba. Juu kule mulimani, kwenye nyumba moja ya zamani ya wazungu, ulikuwa umeona maua ya udongo yanazunguka dirisha kama shanga shingoni. Ukaanza kufinyanga ya kwako. Nyumba yangu ilikuwa ndiyo kwanza imepata mabati, madirisha sita yanakodoa macho bila nyusi, na kiangazi hicho ukaleta kikapu cha kwanza.

Nilicheka, ukumbuke. Nilimuambia mwiko kwa sauti kwamba ua la udongo halinuki, haliliwi na halioteshi mbegu. Lakini nilicheka nikiwa nimekwisha kulishika moja. Zuri. Majani sita mekundu, katikati peupe, tumbo limeachwa wazi ndani ili lisipasuke motoni, jepesi kama mukate. Kwenye ukingo mumoja kulikuwa na katundu kadogo kama punje ya mupunga, na juu ya katundu hako alama ya kidole chako gumba, imezama vizuri, mviringo.

Uliweka kikapu kwenye kiti karibu na ukuta, ukaenda zako. Mimi nikakohoa, nikaja. Kumi na moja: tatu juu ya dirisha, ine kila upande. Nikayatandaza kwenye gunia nikayaangalia. Hakuna muntu wa kuuliza. Nikaona ile alama ya mviringo, nikajiambia: wewe fundi, masoni, tumia akili, hili njo jua. Jua linakaa wapi? Juu.

Nikayapanga yote kidole juu. Nikasafisha kwa kitambaa. Nikarudi nyuma hatua kumi nikajipenda.

Kiangazi kilichofuata, dirisha la pili la sebule. Kidole juu. Kisha chumba chetu, kisha vyumba vya watoto, kisha jiko. Miaka sita, madirisha sita, kidole juu, jua juu, mimi na akili yangu ya mwaka wa ine.

Madirisha mawili ya sebule yalianza kulia mvua ya kwanza. Chini ya kila ua, musitari wa rangi ya chai ukashuka ukutani. Ninapiga chokaa Noeli, mvua ya Januari inaurudisha. Nililaumu muchanga wa ziwa. Nililaumu simenti ya aliyeniuzia. Nililaumu ndege. Lakini dirisha la tatu halikulia. Wala la ine. Wala mengine. Hapo nikaelewa kwamba nimekuwa fundi mukubwa. Nilianza kuambia masoni wote wa kartie yetu kwamba siri iko kwenye kuchunga muchanga mara tatu na kuuosha kwa maji yaliyolala. Walinisikiliza. Wengine mpaka leo wanaosha muchanga, maskini, wanaulaza kama mutoto.

Umeona sasa? Unacheka? Nami sijamaliza.

Juma lililopita Yuliana alifika kwa boti ya Moba, amekuja mapema kusaidia kupika, kwa sababu Siku ya Mungu hii, Jumapili, tunamaliza kilio chako. Yuliana, binti ya mudogo wako, yule uliyemufundisha ufinyanzi mpaka mikono yake ikawa kama yako. Kwangu ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya kunitukana, haogopi kitu. Alisimama uani na mizigo kichwani, akaangalia dirisha la sebule. Akaangalia tena. Akatua mizigo chini polepole ili acheke vizuri.

"Shemeji, nani alikulewesha siku hiyo? Umemutundika Mama kichwa chini."

Nilimuambia safari imemuchosha, akanywe maji. Hakwenda. Alivuta kiti, akapanda, akaingiza kidole gumba chake kwenye alama yako. Akasema kwenu, toka kwa bibi wa bibi yake, kidole gumba kinaonyesha chini. Chungu, mutungi, ua, popote penye kidole hapo njo panapokaa chini, na katundu ka chini ya kidole ni ka kutolea maji. Mutoto wa miaka mitano wa kwenu anajua. Mimi nilikuwa nimekaweka juu, mvua inaingia, tumbo linajaa, halafu maji yanatafuta njia nyuma, kwenye simenti, na kushuka na rangi.

Miaka thelathini, Mama. Mimi fundi.

Nilimugeukia Felista. Alikuwa anachambua mbegu kwenye ungo, yaani hakuna mbegu humo, anachambua ungo mutupu. Nikajua.

Nikamuuliza kama alijua. Akatoa yote, bila hata kuinua macho. Kwamba siku ile ya dirisha la kwanza ulimuita nyuma ya jiko, ukamuambia, "Muambie mukwe wangu maua yanaanguka, ayageuze." Naye akatazama huku, akaniona nimesimama hatua kumi nyuma, mikono kiunoni, ninajipenda. Nilikuwa nimetoka kwenye homa ya wiki tatu, nimekonda, na nyumba ile ilikuwa kitu cha kwanza nilichokimaliza maishani. Akaja akaniambia, "Mama anasema maua ni mazuri." Halafu akarudi kwako akakuambia, "Amesikia, atageuza kiangazi kijacho."

Kiangazi kijacho nikapanga kidole juu tena. Kwa hiyo wewe ulifikiri nini? Ulifikiri mukwe wako ana kiburi. Ulifikiri nimesikia na nimekataa. Ulikaa miaka thelathini ukifikiri hivyo, na ukaendelea kuniletea vikapu.

"Nilitaka mukae na amani," Felista alisema.

Nikamuambia amani gani hii, nyumba nzima imesimama kwa kichwa. Yuliana akaanza kucheka upya. Nilitoka nje nikaenda kusimama na bata.

Ninasimama na bata siku hizi, ujue. Toka ulipotuacha anakuja kila asubuhi chini ya ukuta wako na kungoja. Haendi kwenye maji, haendi kwenye majani. Anangoja habari. Mara ya kwanza nilimufukuza. Mara ya pili nilimuambia kwamba bei ya mafuta ya mawese imepanda, akaridhika akaenda. Sasa ninamupa habari kila siku, na majirani wanasema bwana wa Felista amekwenda, kichwa kimefuata mama mukwe. Hiyo nayo ninaiandikisha kwako.

Basi siku hiyo nikiwa na bata nikakumbuka. Ulikuwa umeniambia. Si mara moja. "Wewe bata, hata wewe unajua kichwa kinakaa juu, unakizamisha ukitaka kula tu." Nilifikiri unamusema bata. "Bata, kuna watu wakivaa kofia wataivaa miguuni." Nilifikiri unamusema jirani yetu, yule aliyekuwa anakunywa. Nilikuunga mukono hata, nilimuambia mwiko, kweli kabisa.

Lakini hiyo si kuambia muntu, Mama. Hiyo ni kuambia bata.

Asubuhi yake nilichukua nyundo na patasi na ngazi. Nilisema watu wa Moba hawatafika Siku ya Mungu na kukuta kazi yako kichwa chini, kila muntu wenu ana macho ya kifinyanzi, watanicheka mpaka kaburini kwako. Felista alikaa kwenye ngazi ya baraza. Nilianza na dirisha la kwanza, ua la juu, la katikati. Nilipiga polepole, kama muntu anayetoa jino la mutoto. Muchanga wa siku zile nilikuwa sijauchunga mara tatu, lakini simenti ilikuwa simenti. Ua lilipasuka vipande vitano likaanguka.

Ndani lilikuwa na tope. Kikombe kizima cha tope la miaka thelathini, jeusi, limekauka, lina mabawa ya wadudu.

Yuliana hakucheka. Alisema tu kwamba hakuna tena muntu wa kufinyanga lingine, yeye anafinyanga vyungu lakini ile rangi nyekundu yako uliondoka nayo. Felista aliokota vipande kimoja kimoja akavitia kwenye kanga. Mimi nilibaki juu ya ngazi na nyundo, sawa sanamu ya mupumbavu.

Ningeshuka. Lakini unanijua, nina kichwa cha matofali. Nikasema nitajaribu dirisha la chumba chetu, lile la tatu, simenti yake ni nzuri zaidi, labda ua litatoka zima. Kabla ya kupiga nikatafuta katundu, niingize patasi karibu yake. Kidole gumba hiki hapa juu. Chini ya kidole, hakuna katundu. Nikapapasa. Ua la pili, hakuna. La tatu, hakuna. Nikafikiri chokaa imeziba. Nikashuka, nikainama chini ya dirisha, nikaangalia kwa chini kama fundi wa magari.

Katundu kalikuwa chini. Kwenye maua yote kumi na moja. Kidole juu, katundu chini, ng'ambo kabisa.

Nikaenda dirisha la ine. Hivyohivyo. Jiko, hivyohivyo. Na majani pia, sasa nikayaona: kwenye sebule majani yamepinda upande wa pili wa kidole, kwa hiyo kwangu yananing'inia kama masikio ya mbuzi mugonjwa. Toka dirisha la tatu uliyapinda upande mwingine. Yako sawa. Yamesimama. Mukwe wako angeyapanga vilevile kwa kiburi chake, kidole juu, na yangesimama.

Kidole ulikiacha mahali ambapo ulijua nitakitafuta. Tundu ndilo ulilihamisha.

Kwa hiyo si muchanga. Si maji yaliyolala. Sikuwahi kuwa na siri yoyote, ni wewe.

Unajua hasira iliyonishika? Muntu akikukosoa unaweza kumujibu. Akikutukana unatukana. Lakini muntu anayeshika kosa lako, anakwenda nalo nyumbani kwake, anageuza mukono wake aliofundishwa na bibi yake, na kurudi na kikapu bila neno, huyo utamufanya nini? Tena akifa, utamufanya nini?

Nilipiga teke ngazi. Kidole cha muguu bado kimevimba.

Mutoto wetu wa Lubumbashi alipiga telefone jioni hiyo. Amesikia maua yanang'oka, akasema njo wakati wa kuweka madirisha ya kusukuma, ya alimini, kioo cheusi, kila muntu anaweka. Nilimuambia nyumba yangu haitavaa miwani ya muntu anayekimbia madeni. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Wamekwisha niona, wote, mimi ni wa kuulizwa kama ninakula.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nichukue kalamu.

Dirisha la saba.

Ziwa lilipokula nyumba yako kule chini, nilikujengea chumba nyuma ya sebule kwa siku ine. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo niliacha ukingo wake mutupu. Kulipamba ningetakiwa kusimama siku nzima mbele ya kitanda chako, na kuku alikuwa hajaliwa. Nikasema tutamula Pasaka. Nikasema tutamula mavuno. Nawe ukamuambia bata, si mara moja: "Bata, kuna nyumba, madirisha mengine yamevaa, moja liko uchi kama siku limezaliwa." Nikamuambia mwiko kwamba nguo njema hazina haraka. Nilipenda jibu hilo. Nilicheka peke yangu siku nzima.

Juzi Felista alitoa vitu vyako chini ya kitanda ili achague vya kuwagawia watu Siku ya Mungu. Akatoka na kikapu kimefungwa kitenge. Kumi na moja. Ulikuwa unayafinyanga lini, na magonjwa yale? Yuliana akayapokea, akageuza moja, akageuza lingine, uso ukabadilika. Akasema maskini Mama alikuwa amesahau kazi. Kidole kiko huku, tundu liko kule, hakuna muntu wa kwetu anayefanya hivi, uzee umemuibia mikono.

Nilichukua ua moja nikapuliza kwenye tundu, pumzi ikatoka safi. Nikalishika vile ninavyolishika siku zote, kidole juu.

Hukuwa umesahau kitu. Ungeweza kumungoja Yuliana aje ayapange kwa mukono wa kwenu. Ungeweza kumuita masoni yeyote, hapa wamejaa, wanalaza muchanga. Uliyafinyanga kwa ajili ya mupumbavu mumoja tu.

Jana nimeyapanga. Nilikohoa kabla ya kufika dirishani, mara mbili, mazoea. Hakuna aliyejibu. Nikasogea, na kwa mara ya kwanza nikaangalia ndani ya chumba nilichokijenga mwenyewe. Kitanda. Beseni, tena la plastiki, usifikiri sikuliona. Kigoda chini ya dirisha. Nikajiuliza ulikuwa unaangalia nini toka kwenye hicho kigoda, nikageuka nyuma.

Kiti changu. Kiti changu cha baraza, kile ninachokaa kila alasiri, kinaonekana chote. Miaka ine, nyuma ya pazia, ulikuwa unaniona ninavyokuna tumbo, ninavyolala mudomo wazi, ninavyoongea na mwiko wakati hujasema kitu. Mama, hiyo si haki. Ningejua ningevaa shati.

Nilifanya kazi mpaka saa kumi. Muchanga niliuchunga mara moja tu. Tatu juu, ine kila upande, yamesimama yote. Bata alikuja akaangalia. Yuliana alikuja naye, akaingia ndani ya chumba, akapitisha kidole chake kwenye matundu kwa chini, moja moja, kumi na moja. Hakusema tena kwamba umesahau. Alisema tu, "Kumbe Mama alikujua."

Sebule sitaigusa. Hilo njo la kwanza ninalokuahidi. Maua ishirini na moja yatakaa kichwa chini, na pale nilipovunja patabaki tundu. Mujusi amekwisha hamia, ana dharau sana. Wala sitapiga tena chokaa juu ya ile misitari. Watu wa Moba waje waione. Wakiuliza nani alipanga vile, nitawaambia ni mimi, na nani aliyeninyamazia, nitawaonyesha dirisha la tatu. Na masoni wa kartie nitawaambia ukweli wa muchanga. Si wote siku moja.

La pili ni kuku. Nimemununua, mweupe, amefungwa hapa kwenye muguu wa meza, ananisoma ninavyoandika na hafurahi. Siku ya Mungu, kabla wazee wako hawajaanza maneno yao, sahani yako itakaa juu ya ukingo wa dirisha lako na yangu karibu yake. Kiti changu nitakihamisha, kitakaa mbele ya dirisha, kinaangalia ndani. Sitakohoa. Nitakula, na nitainua macho, na kama pazia litatikisika nitasema ni upepo wa ziwa ili Felista asipige kelele.

Lala vizuri, Mama Kalunde. Umeona? Nimeandika jina lako, na mukono haukukauka.

Na kama dirisha lako nimelipanga vibaya, safari hii nakuomba uje uniambie mwenyewe. Usimutume Felista. Na bata mwache, amechoka.

Mukwe wako,
yule wa kidole juu